Gari la Chuma cha Grili

Chuma chenyewe ni kile kile. Cha mraba, inchi moja kwa inchi moja, kitupu ndani, ukuta wake unene wa milimita moja na nusu na ushei. Ukipita barabara ya Magongo utakiona kimeegemezwa mbele ya banda la fundi wa mageti, na ukiingia nyumba nyingi za Changamwe utakikuta dirishani, kimekatwa na kuchomelewa kikawa grili. Mimi nilikutana nacho tena Coventry, Uingereza, ndani ya ghala la vyuma. Hapa nyumbani Mombasa humzuia mwizi. Kule nilijengea gari.

Naandika haya kwa sababu niliporudi likizo mara hii nilimkuta ami yangu, mdogo wake baba, naye amejenga gari dogo la spoti nyuma ya nyumba yake Mikindani, kwa chuma hicho hicho, bila kuona kitabu nilichosoma mimi. Langu lina namba, lina bima, limezunguka Scotland. Lake limekaa chini ya mwembe na halijawahi kukanyaga lami. Tofauti ya magari haya mawili haiko mikononi mwa waliojenga. Iko kwingine, na ndiko nataka twende pamoja.

Kule: mlango mdogo

Waingereza wana mazoea ya muda mrefu ya kujenga magari majumbani, na mazoea hayo yalilelewa na kodi. Mwaka 1957 Colin Chapman, mwanzilishi wa Lotus, alitoa gari liitwalo Lotus Seven: injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, viti viwili, na hakuna kilichobebwa bure. Enzi hizo gari zima lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini likiuzwa vipande vipande ili mtu akaliunge mwenyewe, kodi hiyo haikuligusa. Sheria ilikataza muuzaji kutoa maelekezo ya kuunga. Husimuliwa kwamba kampuni ikatoa maelekezo ya kulifungua gari, na mnunuzi akayafuata kuanzia mwisho kurudi mwanzo.

Kodi ile ilikufa mwaka 1973 ilipoingia VAT, na mwaka huo huo kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuiunda Seven, ambayo inaiunda mpaka leo. Lakini watu walikuwa wameshaonja. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu cha kumfundisha mtu wa kawaida kujenga gari la mtindo huo kwa pauni 250, kwa chuma cha mraba na spea za Ford Escort kuukuu. Kitabu hicho ndicho nilichoazimwa na jirani yangu, mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi katika viwanda vya magari vya Coventry.

Mimi naye tulijenga kwa majira mawili ya baridi. Jumamosi asubuhi tulikuwa tukiwasha kipasha joto, tunakata, tunapiga grenda, tunachomelea, tunapima, tunakata tena. Fremu ilipokamilika tuliinyanyua wawili na kuitoa nje bila kuhema. Gari lililokamilika la aina hii lina kilo kama 500 na kitu. Probox tupu hukaribia tani au kuipita. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa sana faida yake. Mvuvi anajua kwamba ngalawa nyepesi haidai tanga kubwa. Gari nalo likiwa jepesi, injini ndogo inatosha, breki ndogo zinatosha, tairi hudumu, na dereva huisikia barabara kupitia mgongo wake.

Likishasimama kwa magurudumu yake, gari huombewa mtihani uitwao IVA, ulioanza mwaka 2009 kuchukua nafasi ya mwingine ulioitwa SVA. Ni mtihani wa gari moja moja. Unapeleka fomu, picha na risiti za kuonyesha kwamba umelijenga wewe. Kisha mkaguzi wa serikali analipitia kwa saa kadhaa: breki, moshi, kelele, taa, mikanda. Ncha ya nje inayoweza kumgusa mpita njia lazima iwe imeviringwa, na kipimo chake kipo: nusu kipenyo kisipungue milimita 2.5. Usukani ukiuachia baada ya kona, lazima uonyeshe kwamba unataka kurudi katikati.

Mara ya kwanza nilifeli. Kioo cha pembeni kilikuwa na ukingo mkali, usukani ulikuwa mzito kurudi, na kifuniko cha tangi la mafuta hakikuwa na kitu cha kukizuia kisipotee. Nilitoka pale nimenyong'onyea. Lakini nilitoka na karatasi, na kila kosa lilikuwa limeandikwa kwenye mstari wake. Hakuna aliyeniambia gari langu ni la ovyo au kwamba kazi hii si ya watu kama mimi. Niliambiwa: hapa, hapa na hapa. Mwezi uliofuata nikarudi, nikapita. Kwa sababu spea zangu zilitoka katika magari ya umri mbalimbali, nilipewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo hupewa gari lisilojulikana mwaka wake. Naipenda herufi hiyo kama mtu anavyolipenda jina la mtoto wake.

Kiangazi hicho nikaenda nalo kaskazini. Begi langu lilikuwa dogo kama la mwanafunzi, kwa sababu gari hilo halina buti la kutajika. Scotland kuna njia ya mlimani iitwayo Bealach na Bà, inayopanda hadi mita 626 kutoka usawa wa bahari, nyembamba kiasi kwamba magari yakikutana moja husubiri kando. Mvua ilininyeshea usoni, ukungu ukanifunika, na kila kona nilijua nati ipi imeshika nini, kwa kuwa niliikaza mimi. Kwenye kituo cha mafuta mzee mmoja alilizunguka gari mara mbili, kisha akauliza swali moja tu: ulilijenga mwenyewe? Nikajibu ndiyo. Akanipa mkono.

Huku: mikono tayari

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone kitu."

Alivuta turubai. Fremu ya chuma cha grili, pua ndefu, magurudumu ya nyuma yametoka nje ya mbavu. Injini ni ya 4K na difu yake, vyote vimetoka kwa Toyota DX, ile Corolla ya KE70 iliyozeeka kwenye teksi. Hilo lilinishangaza kuliko yote. Mwingereza alichagua Escort kwa sababu lilikuwa gari la bei rahisi, lililotapakaa, linalosukumwa na magurudumu ya nyuma. Ami alichagua DX kwa sababu hizo hizo tatu.

Nilimuuliza alipimaje fremu isipinde, maana kule tulihangaika sana na jambo hilo. Akanionyesha sakafu ya saruji, bado ina alama za chaki. Akachukua kamba, akanikabidhi ncha moja, tukaivuta kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto. Akatia fundo. Kisha tukavuta pembe kwa pembe upande wa pili. Fundo likaangukia pale pale. "Mishazari ikilingana, mraba wako ni mraba," akasema. Ndivyo kitabu changu kilivyoeleza, kwa kurasa mbili na michoro.

Maarifa hayo ameyatoa Miritini. Ami alifanya kazi zaidi ya miaka 20 katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers, AVA, kilichoko pale tangu miaka ya 1970. Msafiri wa Nairobi hupita karibu nacho bila kufikiri kilicho ndani. Magari huingia yakiwa makasha: kebini, chasisi, injini, nyaya, vioo. Hutoka yakiwa malori na Land Cruiser. Sheria yetu huvisamehe ushuru wa forodha vipande hivyo vikiagizwa na kiwanda kilichoidhinishwa, ilhali gari zima hutozwa.

Hapo ndipo nilipotulia. Ni hesabu ile ile ya Uingereza ya 1957: gari zima lilipe, vipande visamehewe. Ila kule nafuu ilimfikia mtu aliye na banda na spana. Huku iliishia kwenye geti la kiwanda. Silalamikii kiwanda. Mshahara wake umesomesha binamu zangu, na ndicho kilichomfundisha Ami kuvuta kamba ile. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa miaka 20 ulitoka getini siku ya kustaafu, ukarudi nyumbani, na nyumbani haukukuta mlango.

Tumewahi kujaribu kuanzia juu. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano ya mfano, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa Kasarani. Yalifikia kilomita 120 kwa saa. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, na ndoto ikaishia hapo. Tangu hapo tunazungumza kana kwamba gari ama lizaliwe na taifa zima au lisizaliwe kabisa.

Na bado tunajenga kila siku. Pale Kongowea, mkokoteni unaobeba magunia ya viazi ni ekseli ya gari lililokufa, mbao na tairi kuukuu. Aliyeuunda amepima mahali pa kuweka ekseli ili mzigo usimnyanyue hamali wala kumkandamiza. Likoni na Kisauni tuktuk hufunguliwa asubuhi na kurudi kazini jioni. Mafundi wetu huunda bodi za mabasi kuanzia kwenye chasisi tupu. Basi limeandikiwa kitabu chake, kiwango cha Kenya KS 372. Gari la mitumba lina chake, KS 1515, kinachosema lisizidi miaka minane. Gari moja lililojengwa na mtu mmoja, sijaona kitabu chake.

"Nilipeleke wapi, mwanangu?" Ami aliniuliza. "Nikifika dirisha la usajili wataniuliza ni la kampuni gani, la mwaka gani, limeshushwa na meli gani. Nitasema nini?"

Mtihani ni mwalimu

Sitaki msomaji adhani naomba Ami aachiwe aingie barabarani hivi hivi. Nililikagua gari lake kwa macho niliyoyapata kwenye ile karatasi ya kufeli. Uchomeleaji wake ni mzuri kuliko wangu. Lakini mikanda ya usalama aliifunga kwenye bati la sakafu. Gari likigonga kitu, bati lile lingechanika, na mkanda ungekwenda na mtu. Tena alifunika ubavu kwa aluminiamu juu ya chuma kitupu. Uingereza chumvi humwagwa barabarani wakati wa barafu, nasi hupaka kitu cha kutenganisha madini hayo mawili yasilane. Mombasa hakuna anayemwaga chumvi. Huletwa na upepo, kaskazi na kusi, mwaka mzima. Ubavu ule ungeoza kabla ya tairi kuisha.

Makosa hayo mawili yana tiba ya siku moja. Ami hakuyajua kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa karatasi. Hii ndiyo tofauti niliyokuja kuiona. Nilidhani ule mlango mdogo wa kule ni ruhusa. Kumbe ni darasa. Serikali inapokubali kukukagua, inalazimika kuandika inachotaka, na kilichoandikwa kinamfundisha hata asiyefika kwenye ukaguzi.

Ombi langu basi ni dogo. Yaandikwe masharti ya gari lililojengwa na mtu mmoja kwa matumizi yake: breki, mikanda, taa, ncha, uzito. Yaandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka gerejini. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko ng'ambo tu ya maji. Wanafunzi wake wa uhandisi wangejifunza mengi kwa kupima magari kama la Ami, na akina Ami wangejifunza kwao. Leo ni gari la spoti. Kesho mikono hiyo hiyo inaweza kuunda kigari cha kubebea wagonjwa kwenye vichochoro vya mtaa wa Bangladesh, pale pale Mikindani, ambapo ambulensi haipenyi.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilimchukua Ami kwa gari la kukodi. Tukapita Miritini, mbele ya kiwanda chake cha zamani, tukashika barabara ya Dongo Kundu ambayo sasa hukufikisha Kwale bila kungoja feri ya Likoni. Juu ya daraja la Mteza, refu kupita kilomita nzima, mikoko chini pande zote mbili, aliteremsha kioo akatoa mkono nje. Hakusema neno mpaka tulipokaribia Ukunda. Kisha akaanza kunitajia gia. Hapa ya tatu. Hapa ya nne, mwachie. Alikuwa akiendesha lile lililo chini ya mwembe. Kutoka hapo, Msambweni hadi mpaka wa Lunga Lunga, barabara imenyooka, na nilijua amekwishaisafiri yote.

Jioni tuliifungua mikanda. Akakata kibamba cha chuma kinene, akakichomelea kwenye fremu yenyewe, nami nikimsomea orodha ya IVA kutoka kwenye simu, naigeuza kwa Kiswahili mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye zile ncha akanisimamisha.

"Milimita mbili na nusu, wao huipimaje?"

Nikamwambia wana kipande kidogo cha kupimia, huwekwa juu ya ukingo. Akafikiri. Akaenda ndani ya banda, akarudi na kijiti cha chuma chembamba cha mviringo, unene wa milimita tano. Akakiegemeza kwenye ukingo wa boneti, akainama kulinganisha mviringo kwa mviringo. Haukutosha. Akachukua msasa, akavuta kigoda, akaanza kuviringa ukingo ule taratibu, wakati hakuna mkaguzi yeyote aliyekuwa akimngoja.