Huko Karen, Mbwa Mwoga Angojea Wenye Subira

Ukipanda matatu ya kwenda Karen kupitia Barabara ya Langata, utaupita Uwanja wa Ndege wa Wilson, lango la Mbuga ya Wanyama ya Nairobi na njia panda ya Bomas. Watalii wengi huishia hapo. Wewe endelea mbele, kelele za mji zipungue, mpaka usikie kelele za aina nyingine: mbwa wakibweka kana kwamba wameona mwizi mchana. Hapo ndipo makao ya KSPCA, chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama ambacho asili yake ni mwaka wa 1910.

Wamo paka, wamo punda waliochoshwa na mikokoteni, na wamo mbwa tele: waliookotwa barabarani, waliogongwa na magari, walioachwa wenyewe walipohama ploti. Msomaji, ukifika na watoto, watamkimbilia yule anayerukia waya akitikisa mkia. Huyo hana shida, atapata kwake. Mtazame yule aliyejikunyata pembeni kabisa, mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, anapiga miayo ilhali hana usingizi, anajiramba midomo ilhali hajala. Hizo ni dalili za hofu. Aghalabu huyo ndiye hupitwa.

Wengi wetu Nairobi twataka mbwa wa kutisha wezi, tumfunge mchana kutwa na kumfungulia usiku. Kwa mwoga, mnyororo ni balaa. Mbwa aliyezoea kupigwa, na ambaye hana pa kukimbilia, huuma; na wa kwanza kuumwa ni mtoto wa nyumbani, si mwizi. Kisha hurudishwa, hofu imezidi maradufu.

Nyumba inayomfaa si lazima iwe jumba la ekari mbili. La hasha! Iwe na ua usio na mianya, maana siku za kwanza mwoga hutoroka. Iwe na mtu ashindaye hapo, na watoto wanaoelewa neno "mwache". Nyanya aliyestaafu huenda akamfaa kuliko kijana mwenye misuli. Mpe pembe tulivu, maji, na chakula saa zile zile. Usimkodolee macho. Keti ukimpa ubavu, soma gazeti lako, umngoje aje kukunusa mwenyewe. Wazoefu huhesabu siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kuzoea na miezi 3 ya kujiona yuko kwao, ingawa wengine huchukua mwaka mzima. Usiku wa Diwali na wa Mwaka Mpya, fataki zikilia, mweke ndani na umwashie redio.

Chama hakimtoi mbwa ovyo. Huhasiwa, hupigwa chanjo (kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini), na nyumba yako hukaguliwa. Wapo wanaonung'unika kwamba hayo ni makuu mno kwa mbwa koko. Mimi nayaona madogo. Mtu akiulizwa ua wake ulivyo, mbona asiulizwe na hasira zake?

Ukienda, usichague siku hiyo hiyo. Rudi mara ya pili, hata ya tatu, ukae kimya karibu na kizimba cha yule wa pembeni. Akiinua kichwa asikiapo hatua zako, mwombe mhudumu akufungulie mlango.