Mbegu za Maua: Tusie Barazani au Tupande Nje?



Ni Februari, kaskazi bado inavuma, na maganda ya mbegu yamekauka kwenye vichaka vya maua kote pwani yetu. Wengi mmeshaanza kuchuma. Kwa vile mnajua nina kitalu kidogo nyuma ya kanisa, swali linanijia kila Jumapili: "Pasta, mbegu hizi nizisie ndani au nipande nje? Na nianze lini?"

Huko Ulaya watu husia mbegu ndani ya nyumba wakikimbia baridi. Sisi hatuna baridi hiyo. Adui zetu ni wawili: jua la kaskazi, na mvua inayodanganya. Kwa hivyo "ndani" kwetu ni barazani, chini ya makuti, kwenye mkebe uliotobolewa chini. "Nje" ni ardhini, mahali ua litakapoishi.

Sasa, mpendwa, kabla ya kuuliza mwezi, uliza: hii ni mbegu ya namna gani?

Kuna mbegu isiyongoja. Mfano ni adeniamu, ule mmea wa nchi kavu wenye shina nene na maua ya waridi. Maganda yake hukaa mawili mawili kama pembe. Yakipasuka, mbegu zenye manyoya hupeperuka na upepo, basi lifunge ganda kwa uzi kabla halijafunguka. Ukizipata, zisie mapema, barazani, kwenye mchanga mwingi na udongo kidogo. Zikiwa mbichi huota ndani ya siku kumi hivi. Ukizificha kabatini miezi mingi, nguvu inapungua. Na usizipeleke nje masika, maji mengi huozesha miche. Watoto pia wakae mbali, utomvu wake ni sumu.

Kuna mbegu inayongoja. Mnyonyore, ule wa maua mekundu yenye ukingo wa manjano, una mbegu ngumu kama kokoto. Iweke mahali pakavu na itadumu. Siku ya kusia, ikwaruze kwa msasa upande usio na jicho, yaani mbali na pale ilipoungana na ganda, kisha iloweke usiku kucha katika maji ya vuguvugu. Asubuhi iliyovimba iko tayari. Isiyovimba, ikwaruze tena.

Juzi dada mmoja wa kanisa letu alinijia na mbegu 36 za mnyonyore ndani ya bahasha. Mama yake alilala Novemba, na familia imekubaliana kuuza shamba la Ganda. Ule mnyonyore wa mlangoni utakatwa. Akaniambia, "Pasta, hizi ndizo zilizobaki. Zikifa, sina mahali pa kurudi." Alitaka azipande zote siku mvua ya kwanza itakaponyesha.

Nilimwambia, "Dada, usizipe mvua moja mbegu zote." Kilifi tunaijua mvua. Mwaka 2021 ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja na mafuriko. Na hata mwaka wa kawaida, manyunyu ya Machi huweza kufuatwa na wiki mbili za jua kali, na mche mchanga ukafa.

Basi tukazigawa mara tatu. Kumi na mbili atazisia barazani mapema Machi, kwenye mikebe mirefu, kwa sababu mzizi wake huenda chini moja kwa moja na haupendi kusumbuliwa. Mwezi wa Mei, ardhi ikiwa imelowa vizuri, atazihamisha jioni pamoja na udongo wake. Kumi na mbili atazipanda nje moja kwa moja, masika yakishika, mvua ikiwa imerudi mara ya pili na ya tatu. Kumi na mbili za mwisho zinabaki ndani ya bahasha, mahali pakavu, zingoje vuli ya Oktoba au masika ya mwakani.

Someni Mhubiri sura ya 11, mstari wa 6. Mpanzi hajaambiwa ni mbegu zipi zitafaulu. Ameambiwa asiache kupanda. Kuweka akiba bahasha moja si uhaba wa imani, wapendwa. Ni kuheshimu ulichoachiwa.

Kwa hivyo wiki hii fanya mambo matatu. Chuma maganda yaliyokauka yenyewe, si mabichi. Andika jina na tarehe kwenye bahasha. Kisha tenga: isiyongoja isie sasa, inayongoja igawe.

Wewe umechuma mbegu gani, na kutoka kwa nani? Niandikie hapa chini, tusaidiane kabla masika hayajafika.