Marashi yaliyonifanya nimwonee haya dadangu

Kuna mchezo mmoja wa magazeti ya kina mama ambao haujafa tangu nilipojua kusoma. Unafungua ukurasa, unaulizwa: wapenda manukato gani? Ukichagua ya maua, wewe ni mpole na utaolewa mapema. Ukichagua ya ndimu, u mchangamfu, mpenda michezo. Lakini ukichagua miski, udi na ambari, yaani yale mazito yanayoitwa manukato ya Kimashariki, basi wewe ni mwanamke wa usiku. Una siri nyingi, u mshawishi, na wenye waume zao wakae macho.

Nikiwa msichana nilizisoma kurasa hizo kwa bidii kuliko nilivyosoma Kemia. Na nyumbani kwetu Buruburu tulikuwa na mwanamke wa aina hiyo ya mwisho. Alikuwa dadangu.

Dada alirejea Nairobi mwaka wa 1993 baada ya kushona nguo Mombasa kwa miaka sita. Alikuja na cherehani, sanduku la bati, na kichupa cha mafuta ya miski kisichozidi kidole gumba. Usikidharau kwa udogo wake. Alijipaka asubuhi, na jioni bado mapazia yalinukia. Tulipoketi kunywa chai, mkate nao ulikuwa na miski. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba binti wa watu ameharibikia Pwani. Mama alisikia, akanyamaza, ila alianza kufungua madirisha hata siku za baridi ya Julai.

Laiti mtunzi wa yale maswali angemjua Dada! Saa tatu za usiku alikuwa amelala fofofo. Makanga akimpitisha kituo, hakusema neno; alingoja kituo kinachofuata, akashuka, akarudi kwa miguu. Mteja akichukua rinda bila kulipa, Dada ndiye aliyeona haya kumdai. Mshawishi gani huyo?

Hayo nayasema leo. Wakati ule niliamini magazeti.

Mwaka wa 1994 nilikuwa kidato cha pili katika shule ya bweni nje ya jiji. Siku ya kutembelewa na wazazi ilipofika, Mama hakuweza kuacha biashara yake sokoni, akaja Dada na kikapu cha chapati na kuku. Nilimsikia kabla sijamwona. Wenzangu pia walimsikia. Mmoja akaziba pua, mwingine akaniuliza kama dadangu anafanya kazi katika klabu ya mabaharia. Wakacheka. Nami, badala ya kumtetea, nilimvuta Dada nyuma ya bwalo la chakula nikamwambia akija tena asijipake mavitu yake.

Alinitazama kidogo. "Sawa, mamangu," akasema, kisha akanifungulia chapati.

Muhula uliofuata alikuja akinuka sabuni ya kipande tu. Hakuna aliyemcheka. Hakuna hata aliyegeuka kumtazama. Alikaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, akaondoka mapema kuliwahi basi. Sikumwona tena na kile kichupa.

Miaka mingi ilipita kabla sijamuuliza habari za miski yake. Akaniambia kwamba Mombasa alikuwa amepanga chumba Mji wa Kale, katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Kila Alhamisi jioni bibi huyo alitia makaa kwenye chetezo, akaweka udi, akazifukiza nguo za nyumba nzima, na za mpangaji wake wa bara zikiwemo. Mgeni akija, alinyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi. Akiaga, hakuachwa aende bila kupakwa kitu kizuri mkononi. Siku Dada alipofunga sanduku kurudi Nairobi, bibi alimpaka miski viganjani, halafu akamkabidhi kichupa chenyewe. Bibi alifariki mwaka uleule. Habari hiyo ilimfikia Dada kwa barua.

Kwa hiyo kile nilichokiona kuwa tangazo la umalaya kilikuwa adabu ya nyumba aliyolelewa ukubwani. Tena Pwani miski si ya wanawake peke yao. Mzee wa watu anayekwenda msikitini Ijumaa, kanzu imenyooka, huenda amejipaka kitu kilekile. Wale watunzi wa magazeti wangemwita nani yeye?

Nimejaribu kufuatilia fikira hii ya mwanamke wa Kimashariki ilitoka wapi, na sehemu yake kubwa ni biashara ya Paris. Mwaka wa 1925 kampuni ya Guerlain ilitoa Shalimar, manukato ya vanila yaliyopewa jina la bustani za Kimughali. Mwaka wa 1977 Yves Saint Laurent akatoa Opium, jina ambalo Wamarekani wenye asili ya China walilipinga hadharani. Aliyekuwa Paris aliuziwa ndoto ya nchi za mbali. Kwetu vitu hivi vililetwa na majahazi ya kaskazi, vikaingia kabatini pamoja na leso na sukari. Juzijuzi, mwaka wa 2021, Michael Edwards, mtaalamu ambaye wauza manukato wengi hufuata mpangilio wake, aliliacha neno "Kimashariki" akatumia la ambari. Si haba.

Miski yenyewe asili yake ni tezi ya dume la mnyama mdogo afananaye na paa aishiye milima ya Asia, Himalaya ikiwemo. Aliwindwa hadi akawa adimu. Nyingi ya miski inayouzwa leo hutoka maabara, na ya kwanza kati ya hizo iliyovuma iligunduliwa mwaka wa 1888 na Mjerumani Albert Baur alipokuwa akichunguza baruti! Chembe zake ni nzito, haziruki upesi, ndiyo maana hudumu mwilini na nguoni. Na pua ya mwenye kujipaka huzoea, akaacha kuisikia. Dada hakuwa anatangaza chochote. Pengine hakujua hata kwamba sebule yote ilikuwa yake. Isitoshe, kuna watu ambao pua zao hazisikii kabisa aina fulani za miski, ilhali aliye kando yao anasikia vizuri.

Mwezi uliopita nilipita Eastleigh, nikaingia duka la manukato, nikanunua kichupa. Nilimpelekea nini mwenye duka maswali! Nilitaka miski ya Mombasa ya mwaka wa 1993, kana kwamba yeye ni mganga. Mwishowe nilichukua aliyonipa.

Dada alipokuja kwangu Jumapili nilikiweka mezani bila maneno mengi. Nilikuwa nimepanga maneno, yakanipotea. Alikifungua, akanusa, akafikiri.

"Hii siyo ile," akasema. "Lakini nzuri."

Nikamwambia, "Dada, ile siku ya shuleni..."

"Lete mkono."

Akanipaka mimi kwanza, viganjani na nyuma ya masikio, polepole, kama afanyaye kazi aliyofundishwa. Halafu akajipaka mwenyewe. Akaniuliza kama nasikia. Nikaleta kiganja puani, nikavuta pumzi mara mbili, mara tatu. Sikusikia kitu.

Jikoni, binti yangu aliacha kuosha vyombo, akauliza kwa sauti nani amekuja.