Uvimbe Nyuma ya Sikio: Tusiudharau

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja wa jumuiya yetu alitusimamisha mlangoni mwa kanisa. "Dada zangu manesi, hebu mtazameni mtoto huyu."

Mtoto, mwenye umri wa miaka 6, alikuwa na uvimbe mdogo kama harage nyuma ya sikio la kushoto. Tuliugusa mara moja, tukaona ana mapunye kichwani, tukamwambia mama, "Ni mtoki tu, utaisha." Kisha tukawahi mazoezi ya kwaya.

Miezi 2 baadaye tulimkuta amekonda. Uvimbe haukuwa mmoja tena. Tezi zilikuwa zimefuatana hadi shingoni na kushikamana. Hospitali walimchoma sindano, wakavuta majimaji ya tezi na kuyapima. Ilikuwa kifua kikuu cha tezi. Nyumbani kwao kulikuwa na babu aliyekohoa kwa muda mrefu. Swali hilo hatukuliuliza. Mapunye yalikuwapo kweli, lakini yalitufumba macho.

Mama mpendwa, tunakueleza haya ili kosa letu likufae wewe.

Tezi za limfu ni kama walinzi wa mwili. Zilizo mbele ya sikio hulinda macho, kope na ngozi ya karibu. Zilizo nyuma yake hulinda ngozi ya kichwa na sikio lenyewe. Vijidudu vikiingia, tezi huvimba. Kwa hiyo mara nyingi chanzo ni kitu kidogo: mapunye, chawa, vidonda vya kichwani, tundu la hereni lililoota usaha, au macho mekundu. Rubela nayo huvimbisha tezi za nyuma ya masikio na kisogoni. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania pamoja na ya surua mwaka 2014.

Namna ya kumpima mtoto nyumbani ni hii. Nawa mikono, mkalishe penye mwanga, nawe usimame nyuma yake. Papasa pande zote mbili kwa pamoja, taratibu, ukilinganisha. Anza mbele ya sikio, pita nyuma, chini ya taya, ushuke shingoni. Angalia pia makwapa na kinena. Je, uvimbe una ukubwa gani? Ni laini au mgumu? Unateleza chini ya kidole au umeganda? Unauma? Kisha tafuta chanzo kichwani, machoni, masikioni na kwenye meno. Andika tarehe, umpapase tena baada ya wiki.

Usisubiri ukiona uvimbe umezidi wiki 2 bila kupungua, unakua, ni mgumu au umeganda, au mtoto ana homa za mara kwa mara, jasho la usiku, kukonda au kikohozi. Uvimbe unaouma nyuma ya sikio, huku sikio limesukumwa mbele au linatoa usaha, ni wa kupelekwa hospitali siku ileile. Na uvimbe unaojaza shavu na kuinua ncha ya chini ya sikio huenda ukawa matubwitubwi, wala si mtoki.

Tafadhali usiukande kwa maji ya moto, usiukamue, wala usiuchanje kwa wembe. Usinunue dawa kwa kubahatisha. Hata mapunye huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Ya kupaka peke yake haitoshi.

Mtoto yule alimeza dawa kwa miezi 6, bila malipo, na babu naye akapimwa na kutibiwa. Leo anapiga kayamba katika kwaya ya watoto, na mama yake hakutulaumu hata siku moja. Msamaha huo ndio unaotufundisha. Siku hizi mama akitusimamisha mlangoni, tunaketi naye, tunauliza nani anakohoa nyumbani, na tunampa siku ya kurudi. Mazoezi ya kwaya yatatungoja.