Kutoka Karurumo Hadi Hamamu ya Kidichi

Kwetu Karurumo, kando ya barabara itokayo Embu kwenda Meru, maji ya kuoga ni karai na moto wa kuni. Basi nilipofika kwenye hamamu ya Kidichi, kisiwani Unguja, nilisita mlangoni kama mgeni asiyejua avue viatu au asivue.

Ni jengo la mawe lenye makuba, katikati ya mashamba ya viungo, nje ya mji wa Zanzibar. Seyyid Said alilijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shesade, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Salme, bintiye Sultani huyo, alisimulia katika kitabu chake cha 1886 kuwa mama huyo alipenda mno kupanda farasi na kuwinda.

Ndani, mafundi waliipamba chokaa ya ukutani kwa maua na ndege, kwa mtindo wa Kiajemi. Hata hivyo, ndoa ilivunjika na Shesade akarudi kwao. Nyumba ya mapumziko iliyokuwa hapo nayo haipo tena. Kilichobaki ni hamamu, na unyevu unaila chokaa yake kidogo kidogo.

Nilimkumbuka marehemu nyanya. Nyumba yake ya msonge, kuta za udongo na paa la nyasi, tuliibomoa wenyewe tukajenga ya mabati. Leo sina hata picha yake, wala kwetu hakuna kijana ajuaye kuezeka nyasi.

Msomaji, ikiwa kwenu ingaliko moja, wapeleke watoto Jumapili hii. Mwombe mzee awaonyeshe ilivyojengwa.