Nani Amekula Ng' Yetu?

Wadau, naandika kutoka Saza. Najua wengi wenu mkisikia mkoa wa Songwe mnaiona Tunduma tu, na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Saza ni upande mwingine kabisa. Unashukia Mbalizi, unachukua njia ya Galula kuelekea Mkwajuni, makao makuu ya wilaya ya Songwe. Hapa mkoloni alichimba dhahabu mpaka mgodi wa New Saza ukafungwa mwaka 1956, na tangu 2012 mgodi wa New Luika unachimba jirani. Kwa hiyo watu wa huku wanajua thamani ya vitu vidogo. Punje moja inaweza kulisha nyumba wiki nzima.

Lakini leo siandiki habari za dhahabu. Naandika habari ya kitu kidogo kuliko punje: ile ritifaa, kile kialama kinachokaa juu, pembeni ya ng, kwenye ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Nimekuwa nikifuatilia mambo ya fonti na herufi kwa miaka kadhaa sasa (kila mtu na ugonjwa wake, wengine wana Simba na Yanga), na nimegundua kwamba hakuna habari ya fonti inayomgusa Mtanzania wa kawaida kama hii.

Nina rafiki yangu hapa kijijini. Ni Msukuma. Wazazi wake walikuja na mifugo kutafuta malisho, kama familia nyingine nyingi za wafugaji zilizohamia upande huu wa nchi. Jina la ukoo wake linaanza na Ng'w, kama lile la Ng'wanamalundi, yule mtu wa miujiza anayesimuliwa Usukumani mpaka leo. Kwa Kisukuma "ng'wana" ni mwana. Kwa hiyo ile ritifaa siyo urembo. Ukiitoa, umegusa neno mtoto ndani ya jina la mtu.

Sasa angalieni karatasi zake. Ofisi sizitaji, maana ugonjwa ni wa wengi. Hati ya kwanza imeandika NG'W, safi kabisa. Ya pili imeandika NGW, ritifaa imeliwa. Ya tatu imeandika NG W, na nafasi katikati, kana kwamba Ng ni jina lake na W ni la baba yake. Ya nne ina kialama, lakini siyo kile. Ni kile kimkwaju cha pembeni ya namba 1 kwenye kibodi, kinachoinamia upande usio wake.

Kwa miaka mingi hakuna aliyejali. Karani alikuwa anatazama sura, anatazama jina, anagonga muhuri. Siku hizi kompyuta zinaulizana zenyewe, na kompyuta haina macho ya karani yule. Jamaa alipata kazi ya udereva kwa mkandarasi mmoja. Mshahara wa kwanza ukatumwa benki, ukarudi. Jina kwenye orodha ya mishahara na jina kwenye akaunti havifanani. Mwezi mzima amefanya kazi, hela inaelea hewani! Ikabidi asafiri, amtafute wakili, aape mbele yake kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja. Nauli, malazi na malipo ya kiapo, vyote kutoka kwenye mfuko ambao ulikuwa bado haujaona mshahara. Mke wake aliniambia, "Shemeji, hiki kialama kimekula kuliko ng'ombe mwenyewe."

Kwa nini inatokea hivi? Nitajaribu kueleza bila kuwachosha.

Kila herufi ndani ya kompyuta ina namba yake katika mfumo unaoitwa Unicode. Herufi a ina namba moja tu duniani kote. Lakini kile ambacho jicho lako linaona kama ritifaa moja, kwa kompyuta ni vitu vitano tofauti. Kuna ile iliyonyooka ya mashine ya taipu, namba yake 0027. Kuna iliyopinda kulia, 2019, ambayo programu za kuandikia hukubadilishia zenyewe bila kukuuliza. Kuna iliyopinda kushoto, 2018. Kuna kile kimkwaju, 0060. Halafu kuna ya tano, 02BC, ambayo inafanana na iliyopinda kulia kama mapacha, lakini Unicode inaihesabu kuwa herufi kamili na siyo alama ya uandishi. Kwa hiyo unaweza kuandika Ng'ombe mara tano, ukachapa, usione tofauti kubwa, na kompyuta ikaona ng'ombe watano wasiofahamiana.

Ongeza na hili. Hifadhidata nyingi hutumia lugha iitwayo SQL, na katika lugha hiyo ile ritifaa iliyonyooka ndiyo inayoonyesha maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Jina lenye ritifaa likiingia bila utaratibu linaweza kuvuruga kila kitu, na wezi wa mtandao wanaujua mlango huo vizuri. Dawa yake ipo na inafahamika, ila inataka mtengeneza programu makini. Yule mvivu anafanya njia ya mkato: anaikataza ritifaa. Unajaza fomu, inakujibu kwamba jina lako lina alama isiyoruhusiwa. Jina ulilopewa na babu yako! Waairishi wenye majina kama O'Brien wamelilalamikia jambo hili miaka na miaka, kwa hiyo msidhani ni letu peke yetu. Tofauti ni kwamba kwao ritifaa inatenganisha vipande viwili vya jina. Kwetu sisi ng' yote ni sauti moja. Tulifundishwa darasani kwamba ni king'ong'o, na neno lenyewe king'ong'o linataka ritifaa mbili. Ukiziondoa, hata jina la sauti hiyo hulipati.

Na kuna watakaosema, si tunaelewana tu? Hapana wadau, si mara zote. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni tamaa na wivu. Ng'ara ni kuwaka na kupendeza, Ngara ni wilaya ya Kagera. Chang'ombe ya Temeke mara ngapi mmeiona imeandikwa Changombe? Wakenya nao wana Lang'ata yao, ambayo kwenye vibao vingi imekuwa Langata, na mgeni anaisoma vile ilivyoandikwa.

Swali linalofuata ni kwa nini tuliweka alama badala ya herufi. Ukweli ni kwamba herufi ilikuwepo. Mwaka 1926 ilianzishwa London Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, na mapendekezo yake ya namna ya kuandika lugha za Afrika, yaliyotolewa upya mwaka 1930, yaliitaka sauti hii iandikwe ŋ, yaani n yenye mkia. Mwaka huohuo wa 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha Kiswahili, na Kiswahili sanifu kikabaki na ng'. Waganda walipokubaliana maandishi yao mwaka 1947 waliichukua ŋ, ingawa wengi huandika ng' kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kibodi. Faida ya ng' inaonekana wazi: kila mashine ya taipu ina ritifaa. Hasara yake hakuna aliyeweza kuiona mwaka 1930, maana hapakuwa na hifadhidata.

Hata hiyo ŋ ina vituko vyake. Ikiwa kubwa, Waafrika wengi huiandika kama n ndogo iliyokuzwa na mkia, lakini Wasami wa kaskazini mwa Ulaya huiandika kama N kubwa yenye mkia. Unicode imezipa zote mbili namba moja. Kwa hiyo umbo lipi litatokea linategemea nani alichora fonti yako.

Na hapo ndipo kuna habari njema. Ipo fonti inaitwa Andika. Jina ni Kiswahili hichohicho, andika! Imetengenezwa na SIL, shirika linaloshughulika na lugha, mahsusi kwa watu wanaoanza kujifunza kusoma. Herufi a na g zimechorwa kama mwalimu wa darasa la kwanza anavyozichora ubaoni, na I kubwa, l ndogo na namba 1 havichanganyiki. Ni ya bure, na leseni yake inakuruhusu kuirekebisha. Ina ŋ, na umbo la herufi kubwa unachagua mwenyewe. Ina ile ritifaa ya tano. Ina hata ɨ na ʉ wanazotumia Warangi wa Kondoa kuandika Kilaangi. Hiyo ʉ nayo ina historia: ndogo ilikuwa na namba yake zamani, lakini kubwa yake, Ʉ, iliingizwa Unicode mwaka 2006. Kabla ya hapo neno likianza na sauti hiyo mwanzo wa sentensi, mwandishi alikuwa anahangaika.

Kwa maneno mengine, wachora fonti wamefanya sehemu yao. Ila fonti inachora tu kile kilichohifadhiwa. Ofisi ikishaifuta ritifaa, hakuna fonti duniani inayoweza kuirudisha.

Hapa Saza kuna fundi wa mabango. Ana makopo ya rangi, brashi tatu na rula ya mbao. Juzi nilisimama kumtazama akiandika NYAMA YA NG'OMBE kwenye ukuta wa bucha. Alipofika kwenye ritifaa aliipaka kama tone, nene juu, nyembamba chini, kisha akaisogeza O karibu ili pasibaki pengo baada ya G. Wachora fonti hulipwa kwa kufanya kazi hiyohiyo, kupanga nafasi kati ya herufi na herufi. Nilimuuliza kama aliwahi kuiacha ile alama. Akanishangaa. "Mwandishi, bila hiyo si ng'ombe."

Mtu wa brashi anaijua. Kwa nini mtengeneza mfumo wa mamilioni asiijue?

Mimi naona mambo matatu yanawezekana bila mfadhili wala semina. Moja, mifumo yetu ikubali ritifaa zote tano na kuzihesabu kuwa kitu kimoja inapotafuta au kulinganisha majina. Hiyo ni kazi ndogo kwa mtu anayejua kazi yake. Mbili, kwenye SMS tutumie ile iliyonyooka. Ujumbe wa kawaida unabeba herufi 160, lakini ukiingiza iliyopinda hata moja tu, simu inabadili mfumo na kubeba 70. Shule inayonakili tangazo la herufi 150 kutoka kwenye programu ya kuandikia, likiwa na ng’ moja ya kupinda, inatozwa SMS tatu kwa kila mzazi badala ya moja. Tatu, mzazi unapoandikisha mtoto, soma kilichoandikwa kabla ya kuondoka dirishani. Kama ritifaa haipo, usiondoke.

Na kwa wenzangu wa vyumba vya habari: kurasa zetu zinachanganya ritifaa tatu kwenye habari moja, halafu tunashangaa msomaji akitafuta jina la mtu kwenye mtandao asilipate. Gazeti linaweza kukaa dakika kumi na kuchagua moja. Mimi habari yangu haiendi kwa mhariri mpaka nimezipitia ng' zote, moja moja, kwa majina ya watu kwanza. Inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na kuna mtu mahali fulani ambaye hatalazimika kuapa kwamba yeye ni yeye.