Picha Ile Haikuonesha Mkeka



Leo sina habari za lasi wala za rangi za sare. Leo nataka kusema kosa langu, maana naona wengi wetu tunalo, ila hatulitaji.

Mwaka juzi mdogo wangu, anayeishi Chicago na mumewe na watoto wao wawili, aliweka picha kwenye status. Amekaa kwenye nyasi, jioni, nyuma yake jukwaa lenye taa za zambarau na vijana wenye magitaa. Mkono mmoja kaunyanyua juu, anacheka mdomo wazi, na mtandio umerudi nyuma mpaka nywele za mbele zinaonekana. Chini kaandika: "Tamasha la roki na familia, raha tupu."

Mimi nilikuwa dukani, nimeshika gauni la bi harusi wa watu, pini ziko mdomoni. Nikaitazama ile picha, moyo ukanipiga paa. Badala ya kumpigia simu mwenyewe, nikaipeleka kwa mama mdogo, na maneno nikayatia: "Muone mwanenu, Marekani ishamchukua." Mama mdogo akaipeleka kwa shangazi. Shangazi akaipeleka anakokujua yeye. Isha haijasaliwa, picha imeshafika kwa mama, na mama akalia.

Usiku ule mdogo wangu alipigiwa simu na watu watano. Mimi sikuwa miongoni mwao. Nilishafanya kazi yangu, nikalala.

Toka siku hiyo akanyamaza. Status zake nikawa sizioni tena. Kwa muda wa miezi minane tulizungumza mara mbili tu, Idi ndogo na Idi kubwa, na zote mbili zilikuwa salamu za kupita njia.

Kisha wifi yake akaposwa. Shemeji akaniomba nimshonee dada yake nguo za harusi, na nizipeleke mwenyewe, kwa sababu gauni lile halikuwa la kutia kwenye kifurushi. Mwenyezi Mungu akajaalia viza ikatoka. Nikaondoka na sanduku la nguo, na mkeka wa ukili ambao mama alimnunulia mdogo wangu, umeviringishwa kwenye kanga.

Harusi ikapita salama, alhamdulillah. Wiki moja baadaye, tuko mezani, shemeji akasema, "Dada, Alhamisi tunakwenda kwenye muziki Millennium Park. Ni bure, na watoto wanapapenda. Twende sote."

Meza ikanyamaza. Mdogo wangu akainamia sahani yake. Nikajua hapo kwamba nikisema sitaki, ile picha itakaa kati yetu mpaka tuzeeke. Na nikisema ndiyo, je, dini yangu? Nikampigia mama Unguja. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, akasema maneno mawili matatu tu: "Umeshamsema. Sasa kamuone."

Kabla sijaendelea, niweke wazi jambo moja. Mimi si mwanazuoni. Elimu yangu ni ya sekondari na kozi ya ushoni. Najua wanazuoni wengi wa madhehebu yetu wamekataza ala nyingi za muziki, na najua wengine wamelizungumza suala hili kwa urefu na kwa masharti. Imam Ghazali peke yake ameliandikia kitabu kizima ndani ya Ihya. Kwa hiyo hii si fatwa. Mwenye shaka na amuulize shekhe wake.

Lakini nilipojihesabu usiku ule nikaona aibu. Bibi yangu alikuwa akivaa buibui lake akenda kusikiliza taarab, na Nadi Ikhwan Safaa ipo hapa mjini kwetu toka 1905. Sauti za Busara inafanyika Ngome Kongwe toka 2004, na kila mwaka mimi huwashonea watu nguo za kwendea. Mwenyewe sijawahi kukata tiketi. Lakini mara ngapi nimekaa Forodhani na bakuli langu la urojo, ngoma zinaruka ukuta zinanifikia, na mguu wangu unapiga chini? Masikio yalikuwa ndani, miguu ndiyo iliyokuwa nje. Na bado nikawa na ulimi wa kumsema mtu.

Basi Alhamisi ikafika, mwezi wa saba, joto kali. Tukapanda treni mpaka mjini, tukasali Alasiri kwenye msikiti wa Downtown Islamic Center ulioko barabara ya State, kisha tukatembea kwa miguu kama robo saa. Njiani nikamuuliza shemeji hii indi roki ni kitu gani. Akaniambia neno lenyewe limetokana na kujitegemea. Ni bendi ambazo hazikungoja kampuni kubwa za muziki; hurekodi wenyewe au na kampuni ndogo, hubeba ngoma zao wenyewe, huuza fulana zao mezani baada ya kupiga. Akanitajia Wilco, bendi ya hapo hapo Chicago iliyoanza 1994, ambayo baadaye ilifungua kampuni yake ya kurekodi. Nikamwambia, "Basi hao ni mafundi wa mtaani kama mimi, cherehani yao wenyewe." Mdogo wangu akacheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka mbele yangu toka nifike.

Mlangoni walitukagua mikoba, tukaingia. Mashoga zangu, pale mahali ni pazuri. Jukwaa lenyewe limejengwa na Frank Gehry, likafunguliwa 2004, mwaka ule ule ilipoanza Busara yetu. Juu yake kuna mabati makubwa yanayong'aa, yamejikunja kama ukingo wa shela likipigwa na upepo. Mbele kuna viti 4,000, na nyuma yake uwanja wa nyasi unaochukua watu 7,000. Juu ya nyasi zimepitishwa nguzo za chuma zilizopinda, zimebeba spika, ndiyo maana hata aliyekaa mwisho kabisa anasikia vizuri bila ya kusukumana mbele.

Tukakaa mwisho kabisa. Mdogo wangu akafungua begi akatoa ule mkeka wa mama, akautandika. Mama mkwe wake akatoa chupa ya chai, katlesi, sambusa na visheti. Watoto walikuwa wameshalowa, maana walipitia kwenye chemchemi ya Crown Fountain, ile yenye minara miwili inayoonesha nyuso za watu na maji yanawatoka midomoni. Pembeni yetu kulikuwa na bibi wa Kizungu na wajukuu zake, na mbele familia ya Kihindi na vyakula vyao. Upande wa kulia vijana walikuja na pombe zao. Shemeji hakusema kitu; akanyanyua ncha moja ya mkeka, mama mkwe akanyanyua nyingine, tukahama hatua ishirini. Wala hapakuwa na mjadala. Nikaona hili si jambo geni kwao, wamelizoea.

Muziki ulipoanza, niseme kweli, mwanzo ulinipa kichwa. Magitaa yanalia, ngoma inakupiga kifuani, maneno siyapati. Nikawa natazama saa. Lakini katikati akatoka dada mmoja na gitaa lake peke yake, akaimba polepole, na uwanja mzima ukatulia, hata watoto. Shemeji akaninong'oneza kwamba anaimba juu ya mama yake aliyekufa. Machozi yakanijia. Sikutegemea, na mpaka leo sijui niliweke wapi jambo hilo. Ninaloweza kusema ni kwamba nilimkumbuka baba, nikamsomea Fatiha pale pale.

Jambo lililonishangaza zaidi ni jua. Sisi tumezoea Magharibi yetu haitoki kwenye saa 12 na kitu, mwaka mzima. Kule mwezi wa saba jua linazama saa 2 na nusu usiku hivi! Saa 2 usiku unavaa miwani ya jua. Kwa hiyo Magharibi inakukuta katikati ya tamasha, na ukijisahau imekupita.

Simu ya mdogo wangu ikalia adhana, sauti ya chini. Akanyanyuka bila ya kumtazama mtu. Akachukua chupa ya maji, akatia udhu pembeni, akaurudisha mtandio mbele akaubana, akanitazama. "Dada, unakuja?"

Tukasali nyuma ya miti, upande ambao kelele zimepungua, yeye, mimi na mama mkwe. Shemeji alibaki na watoto kwenye mkeka, kisha tukapokezana. Nilipotoa salamu nikamuona mtoto wa dada yangu, wa miaka sita, amejipanga nyuma yetu peke yake, amejifunga kitambaa cha visheti kichwani.

Hapo ndipo nilipoelewa ile picha. Ilipigwa na mumewe. Mama mkwe alikuwa pembeni yake na chai. Mtandio ulirudishwa nyuma na upepo wa ziwa Michigan, ambao mimi mwenyewe jioni ile ulinivua wangu mara mbili. Na mkono ule aliunyanyua kumwita mwanawe aliyekuwa anakimbilia mbele. Picha ilionesha jukwaa na nywele. Vyote vingine vilikuwa nje ya fremu, na mimi sikuuliza.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyeipeleka."

Akasema, "Najua, dada. Mama mdogo aliniambia usiku ule ule."

"Umenisamehe?"

Akanyamaza kidogo. "Najaribu. Kilichoniuma si kunisema. Ni kwamba ungenipigia simu ukanigombeza, ningekusikia. Wewe ni dada yangu mkubwa. Ukanigombeza kwa watu."

Sikuwa na jibu. Tukakunja mkeka, tukarudi nyumbani na watoto wamelala mabegani. Siku ya pili akanifungulia status zake. Sijauliza zaidi.

Sasa nyinyi mabibi harusi, mnaniandikia kuuliza kuhusu matembezi baada ya ndoa: mume anapenda muziki, mke hapendi, au kinyume chake. Nitasema niliyoyaona kwa macho yangu.

Kwanza, yazungumzeni kabla ya nikahi. Mdogo wangu na mumewe walikubaliana mapema: wanakwenda kwenye viwanja vya wazi vya familia, hawaendi kwenye kumbi za usiku za kusimama na kubanana. Ndiyo maana pombe ilipokaribia hawakugombana. Walishajua la kufanya.

Pili, tazama saa za sala kabla ya kutazama jina la bendi. Sali uliyonayo kabla ya kuingia, na ijue inayokuja itakukuta wapi. Chukua maji na kitu cha kutandika.

Tatu, hili ni la fundi: nguo ya uwanjani si nguo ya ukumbini. Shifoni na hariri nyepesi zinateleza, na upepo ukija huna mtandio. Vaa pamba au voile, na kofia ya ndani inayoshika nywele, pini mbili si moja. Abaya iwe pana na isiburuze, maana nyasi zikiwa mbichi zinaacha doa la kijani lisilotoka. Chini vaa suruali, kwa sababu utakaa chini na utanyanyuka mara nyingi. Mimi nilivaa abaya yangu ya lasi ya harusini kwa kutaka kupendeza, na pindo lake sasa ni kijani.

Nne, ukiona hapakufai, ondoka. Hakuna tamasha lenye thamani ya kukaa na dhiki moyoni. Na ukiamua kutokwenda kabisa, ni haki yako, wala usimuonee haya mtu.

Na la mwisho ninajiambia mwenyewe kwanza. Ukiona picha ya ndugu yako ikakuuma, mpigie yeye. Mgombeze ukitaka, lakini yeye. Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, ametufunza kusitiri aibu ya Mwislamu mwenzetu, na mimi nilifunua hata isiyokuwepo.

Mkeka wa mama umebaki Chicago. Mdogo wangu ameniambia juzi kwamba wameutandika tena Alhamisi iliyopita, na mara hii picha alinitumia mimi mwenyewe: mkeka, chupa ya chai, miguu ya watoto. Nimeiweka kwangu. Sijampelekea mtu.